Posho ya Mwanga

Fundi alirudi nyumbani Jumatatu asubuhi akiwa na begi la nguo, mto mdogo ambao kampuni ilimruhusu kuondoka nao, na mwanga. Mwanga ulimshukia kutoka juu, mweupe, wa duara, upana wake kama meza ya watu wanne, na alipovuka barabara ulivuka naye. Alipoinama kupita chini ya kamba ya nguo uani, ulipenya shuka zilizoanikwa ukatokea naye upande wa pili. Mwenye nyumba alikuwa mlangoni kwake anapiga mswaki. Alitema povu, akamtazama juu mpaka chini.

"Umerudi."

"Nimerudi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Hiyo taa inazimiwa wapi?"

"Haizimiki."

"Basi usipite nayo dirishani kwangu. Mimi nina usingizi mwepesi."

Alisukutua, akamkumbusha kodi ya miezi aliyokuwa hayupo, akaingia ndani.

Fundi alikuwa ametoka kwenye Nyumba Bila Pazia, kile kipindi cha televisheni ambamo watu kumi na wawili hufungiwa nyumba moja yenye kamera kila mahali, hata ndani ya kabati la vikombe, na watu wazima wenye akili zao huacha shughuli zao jioni kuwatazama wakigombania sufuria. Watayarishaji walimpa jina la Sindano, kwa sababu ya kazi yake ya ushonaji na, walivyosema wenyewe, kwa sababu ya ulimi wake. Mshindi alilipwa pesa na gari. Waliobaki walilipwa mwanga. Hilo halikuwa siri. Lilikuwa kwenye mkataba, kwa herufi za kusomeka, na Fundi alilisoma kabla ya kutia saini. Kosa lake lilikuwa la kishonaji. Yeye mteja akija kuchukua gauni humpa na vipande vya kitambaa vilivyobaki, na hajawahi kutokea mteja aliyepewa vipande akanyimwa gauni. Alidhani mwanga ni vile vipande. Gauni lingefuata.

Gauni lenyewe lilikuwa macho ya mama yake. Mama alikuwa na mtoto wa jicho, pande zote mbili, na miaka minne ilikuwa imepita tangu ukungu uanze kumfunika: kwanza kingo za vitu, kisha vitu vyenyewe, mwishowe watu. Yeye ndiye aliyemfundisha Fundi kushona, na cherehani iliyokuwa barazani ilikuwa yake. Daktari alisema upasuaji ni wa kawaida tu, mtu anaingia asubuhi na mchana yuko nyumbani, ila usicheleweshwe mno. Gharama yake Fundi angeipata kwa kushona mwaka mzima bila kula na bila kulipa kodi. Ndiyo maana akaenda kwenye Nyumba. Hakwenda kutafuta umaarufu, ingawa watu walimwambia hivyo usoni, na waliobaki wakasema akiwa amewapa kisogo.

Mama alikuwa kwenye kiti chake cha mbao karibu na mlango, sikio amelielekeza kwenye vishindo vya miguu.

"Nani huyo?"

"Mimi, mama."

"Nakuona," alisema mama.

Fundi aliweka begi chini.

"Umekonda," mama aliendelea. "Na hilo gauni umelishona mwenyewe? Upindo umepinda upande wa kushoto. Na ulitoka nalo kwenye televisheni hivyo hivyo, watu wote wakaona!"

Alikuwa anaona kweli. Alimwona mwanawe kuanzia nywele hadi kucha za miguu, akaona na kipande cha sakafu alichosimamia, na begi, na mto. Nje ya duara ukungu ulikuwa pale pale. Mama hakupiga kelele wala hakulia. Alimwambia asogee kwenye kona ya jiko.

"Kufanya nini?"

"Nione sufuria. Miaka minne nakula kwa kuamini tu."

Fundi akasogea jikoni. Sufuria hazikuwa zimesuguliwa vizuri. Msusi wa chumba cha jirani, aliyekuwa akimwangalia mama muda wote ule, alikuwa na moyo mzuri lakini mkono mwepesi.

Kuanzia siku ile Fundi hakukaa chini. Mama alikuwa na mengi ya kuona, na chombo chake cha kuonea kilikuwa na miguu. Nenda dirishani. Rudi kabatini. Hebu pita ukutani polepole, kuna ufa pale au nimesahau? Simama kwenye picha ya baba yako. Usimzibe, wewe mtoto, hukuumbwa kwa kioo. Hapo. Mama alimtazama marehemu mumewe kwa muda mrefu, kisha akasema kumbe ile tai ilikuwa ya kijani, na kwamba kwa miaka yote hiyo amekuwa akimkumbuka na tai ya bluu. Akamwambia Fundi aende sasa uani akaone kama mwenye nyumba ameziba ule mtaro.

Kulala nako kukawa mtihani. Mwanga uliingia naye ndani ya shuka. Alijifunga kitambaa cheusi machoni, mwanga ukapita. Alilala kifudifudi, akaingiza kichwa chini ya mto wa kampuni, akahamia sakafuni, akarudi kitandani, na kope zake zikabaki nyekundu kwa ndani kama za mtu aliyelala juani. Wadudu wa taa walimjia kwa wingi. Hakupata hata lepe la usingizi. Mama, kutoka kitanda cha pili, alilalamika kwamba anamwona akigaragara, na kwamba kumtazama mtu anayegaragara kunachosha kuliko kugaragara mwenyewe.

Kazini hali haikuwa nzuri. Watu walikuja, tena wengi, lakini walikuja kumtazama. Walisimama barazani wakamlinganisha na yule wa kwenye kioo, wakasema yule alikuwa mnene kidogo. Wateja wa zamani walidhani bei imepanda, wakahamia kwa fundi wa mtaa wa pili. Waliobaki walichukua nguo zao wakasema watalipa siku nyingine, na akiwafuatilia wanacheka. "Sindano! Wewe wa leo unahitaji vijisenti vyetu?" Muuza vitunguu alimtajia bei ya watu wa televisheni. Mwenye nyumba alipandisha kodi, na alipoulizwa sababu alisema chumba chenye mwanga kama kile hakiwezi kuwa na kodi ya chumba cha kawaida. Fundi alimwambia mwanga ni wake yeye, alikuja nao. Mwenye nyumba aliuliza ukuta ni wa nani.

Msusi alikuwa mwanamke wa umri wake, mcheshi, mwenye saluni ya viti viwili kwenye chumba kisichokuwa na dirisha. Jioni alihamisha wateja wake akawaketisha barazani kwa Fundi, kwenye ukingo wa duara, akawasuka huku Fundi akishona. Kwa kazi ya rasta nyembamba, alisema, hakuna taa iliyowahi kumfaa hivyo. Siku moja aliuliza, vidole vikiendelea kichwani mwa mtu:

"Jirani, mama anapasuliwa lini?"

"Bado."

"Bado? Mimi mwenyewe nilituma ujumbe hadi salio likakauka. Siku ile ya macho ya mama nililia mpaka mteja akaniuliza kama ninamsuka au ninamzika."

Siku ya macho ya mama ndiyo iliyotazamwa kuliko zote. Fundi alikuwa ameketi kwenye ngazi za Nyumba akitunga uzi sindanoni, akamweleza mwenzake kwa sauti ndogo kwamba mama yake alikuwa akitunga sindano huku akiongea, bila kutazama, na sasa hamwoni hata aliyekaa mbele yake. Hapo akalia. Hakujua kwamba ndani ya kikapu cha nyuzi kuna kamera. Kipande kile kilirudiwa wiki nzima, katikati yake likiwekwa tangazo la miwani, na chini ya uso wake ikapita namba ya kutumia ujumbe wa kulipia kwa wanaompenda Sindano. Watu walituma. Walidhani wanachangia macho.

Fundi alikuwa hajalisikia hili la ujumbe. Akakata uzi kwa meno, akavaa viatu, akaenda kwenye kampuni.

Jengo la kampuni lilikuwa na vioo kwa nje na korido ndefu kwa ndani. Kwenye benchi za korido walikaa washiriki wa msimu wake, kila mmoja na duara lake, wamesongamana, maduara yameingiliana mpaka sakafu ilikuwa nyeupe pe. Kampuni ilikuwa imeng'oa taa za korido tangu msimu wa kwanza. Walinzi walisomea magazeti pale, na mfagiaji alisema hajawahi kufanya kazi mahali ambapo vumbi linaonekana vizuri kiasi hicho.

Mwishoni mwa benchi, kwenye giza, alikaa mwanaume mmoja mwenye suti iliyofubaa. Fundi alimtambua. Huyu ndiye Baba Kilio wa msimu wa pili, aliyekuwa akilia kila kipindi, mpaka watoto wakawa wanamwigiza mitaani.

"Wako uko wapi?" Fundi alimuuliza.

"Ulihamishwa. Msimu mpya ukianza kurushwa, wanauhamishia kwa wapya. Ngoma ya ufunguzi ikilia tu, unakatika."

"Sasa unafanya nini hapa?"

"Nadai."

"Unadai mwanga?"

"Pesa. Mwanga sikuupenda, ulinikosesha usingizi." Alifikiri. "Ingawa mke wangu anasema siku hizi hanioni vizuri."

Karani wa malipo alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya upole na sweta mabegani, mtu ambaye mahali pengine ungemwomba akushikie mtoto. Alimkaribisha Fundi, akajikinga macho kwa kiganja, akahamisha kiti chake nje ya duara.

"Dada yangu, wewe umeshalipwa."

"Nimelipwa nini?"

"Si huo hapo?"

"Nazungumzia pesa, mama. Mlisema kuna posho ya kila siku."

"Ilikuwepo." Karani alieleza bila haraka. Katika posho walikata chakula, godoro, poda ya uso, kikombe alichokivunja siku ya ugomvi, na kitambaa cha gauni la mshindi.

"Gauni la mshindi nilimshonea mimi! Mliniomba nyie!"

"Kushona hatukukutoza," alisema karani. "Tulikata kitambaa tu."

 Fundi aliuliza habari ya ujumbe wa watu, na tangazo la miwani. Karani alisema hayo ni mapato ya kampuni na hayapitii dirisha lake. Akauliza kama anaweza kuurudisha mwanga, wampe chochote, hata nusu. Karani akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli kabisa. Mwanga haurudishwi, haubadilishwi, hauuzwi.

"Na mwenye kampuni? Naye analipwa mwanga?"

Karani akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Yule? Hawezi. Mwanga unamuumiza macho." Akaelekeza kidevu kwenye mlango uliokuwa nyuma yake. Chini ya mlango ule palikuwa na giza zito, na ndani yake mtu alisikika akiongea kwa simu, ametulia, sauti ya mtu aliyelala akashiba usingizi.

Fundi hakukata tamaa, au alikata lakini miguu haikujua. Wiki iliyofuata alimshika mama mkono wakaenda kwenye kliniki ya macho. Foleni ilikuwa imefika nje. Balbu ya mashine ya kupimia ilikuwa imeungua, na daktari, mwanamke mwembamba mwenye haraka, alipomwona Fundi hakuuliza chochote. Alimvuta kwa kiwiko.

"Simama hapa. Geuka kidogo. Usipumue sana."

Alimpima mama. Kisha, kwa kuwa Fundi alikuwa amesimama vizuri, akampima na aliyefuata, na aliyefuata, mpaka foleni yote ikaisha na saa ya chakula ikapita. Fundi alisimama muda wote huo, shingo imekakamaa, wagonjwa wakikaa mmoja mmoja kwenye kiti, wengine wakimwambia, "Wewe si yule Sindano? Nilikupigia kura." Daktari alimshukuru kwa dhati. Alisema hajawahi kufanya kazi kwenye mwanga mzuri kama ule, na angeomba awe anakuja kila Alhamisi. Kisha akageukia habari ya mama. Mtoto wa jicho alikuwa amekomaa. Wasingoje mwaka mwingine.

"Gharama imebaki ile ile, daktari?"

"Imepanda kidogo," alisema daktari, akiwa ameshaanza kunawa mikono.

Njiani mama alitembea ndani ya duara, amemshika Fundi mkono, akitazama lami, mashimo, maganda, viatu vya watu. Alikuwa na furaha ya mtoto. Alisema watu siku hizi hawapigi viatu rangi. Fundi alikuwa hamsikii. Alikuwa akiwaza ngoma ya ufunguzi. Mama alikuwa hajaambiwa habari ya kuhamishwa, na kila Fundi alipofungua mdomo kumwambia, mama alikuwa anatazama kitu.

Msusi alimletea habari yake mwenyewe siku hiyo hiyo, amefunga mikono kifuani kuizuia furaha isimwagike.

"Nimechaguliwa. Msimu wa nne."

Fundi aliinua mguu kutoka kwenye pedali ya cherehani.

"Sasa niambie ukweli," msusi alisema akikaa karibu. "Sisi hatuko mbali. Walikulipa kiasi gani?"

"Wamenilipa huu." Fundi alionyesha mwanga.

"Najua huo. Nasema pesa."

"Hakuna pesa, jirani. Posho waliikata yote. Huu tu."

Msusi alimtazama, kisha akacheka, akampiga begani. "Wewe nawe! Nani atakuja kukukopa hapa? Ndiyo maana hata mama hujampeleka, unangoja watu wasahau kwanza. Una akili." Akashusha sauti. "Mimi nami nikitoka nitasema hivyo hivyo."

"Nakuapia. Uliza kabla hujatia saini."

"Nimeuliza, jirani. Wakaniambia nitalipwa kama wewe."

Fundi alisema tena, kwa maneno mengine, kisha kwa sauti ya juu zaidi, mpaka msusi akaacha kucheka na uso ukambadilika. Alisema hakujua kwamba Fundi ana roho ya kutotaka mwenzake naye apate. Miezi mitatu alimlisha mama, hakudai hata sabuni. Alisimama, akajifuta mikono kwenye aproni ingawa haikuwa na kitu, akaenda kufunga saluni yake isiyo na dirisha. Fundi alibaki na mguu hewani juu ya pedali. Iliuma kuliko korido yote ya kampuni.

Gari la kampuni lilikuja kumchukua msusi Ijumaa. Mtaa mzima ulitoka. Fundi naye alitoka, akasimama nyuma ya watu, na watu walisogea pembeni kidogo kwa sababu walikuwa wanaona vivuli vyao. Msusi hakumwangalia. Mtu mmoja alisema itakuwa vizuri sana msusi akirudi, mtaa utakuwa na taa mbili, hata wezi watahama.

Siku ya ufunguzi wa msimu Fundi hakushona. Tangu asubuhi alimzungusha mama, au alizunguka na mama akitazama, akapita kila kona ya chumba, akapanda kiti kumulika dari, akapiga magoti kumulika chini ya kitanda ambako kilipatikana kidude cha cherehani kilichopotea tangu baba akiwa hai. Alimpeleka barazani, akamzungusha uani, akamwonyesha mtaro, ambao haukuwa umezibwa, na shuka za mwenye nyumba, na paka. Alitaka kumwonyesha mti wa barabarani, akamvuta kwa haraka mpaka mama akajikwaa.

"Taratibu! Kuna nini leo?"

"Hakuna kitu. Nilitaka uuone."

Mama aliutazama mti, sehemu ya shina iliyoingia kwenye duara. Akamtazama mwanawe. Hakuuliza tena.

Waliporudi ndani, mama aliomba uzi mweupe na sindano. Aliingiza mikono yake miwili kwenye mwanga, akaitazama, akaigeuza viganja, akaigeuza tena.

"Hii ni mikono ya nani?" alisema. Kisha akacheka peke yake, akalamba ncha ya uzi, akautunga sindanoni mara moja tu, bila kubahatisha, huku akieleza jinsi mti ule ulivyopandwa na watu wa barabara ambao hawakuwahi kurudi kuumwagilia. Fundi alimtazama. Machozi yalimtoka, akayaacha, kwa kuwa humo ndani hakukuwa na kamera.

Jua lilizama. Mama alikaa kwenye kiti chake.

"Njoo ukae nawe. Umezunguka mno. Kaa hapa mbele nikuone vizuri."

Fundi aliketi kwenye kigoda, magoti yake yakigusa ya mama. Vyumba vyote vya jirani viliwasha televisheni kwa wakati mmoja, na ngoma ya ufunguzi wa Nyumba Bila Pazia ikapita kwenye kuta tatu na dirisha. Mwanga ukakatika. Haukufifia kwanza. Chumba kikabaki na taa yake ya kawaida, ile balbu ndogo ya juu ya mlango, iliyokuwa ikiwaka siku zote bila mtu kuikumbuka.

Mama alikuwa bado ameinua uso kuelekea pale alipokuwa anatazama.

"Umetoka?"

"Nipo hapa, mama."

"Aa," alisema mama. Alinyoosha mkono, ukamgusa Fundi kwenye goti, ukashuka taratibu mpaka kwenye pindo la gauni. Lilikuwa gauni lile lile. Akalipima kwa kidole gumba na cha shahada. "Bado umepinda."

"Sikupata nafasi ya kuunyoosha."

"Lete hapa. Sindano ninayo."

Mama alianza kushona kwa kupapasa, mshono mfupi mfupi. Ukutani kwa mwenye nyumba sauti iliongezwa. Mtangazaji alikuwa akiwatambulisha washiriki wapya mmoja baada ya mwingine, na watu wakipiga makofi. Alipofika kwa msusi, uani walishangilia. Mtangazaji akamuuliza nini kimemleta. Msusi alisema, kwa sauti iliyotetemeka kidogo mwanzoni kisha ikanyooka, kwamba ana jirani yake alipita kwenye nyumba hii hii. Jirani huyo alikuwa na mama asiyeona. Na kwa pesa alizolipwa humu, mama amepasuliwa, leo anaona mpaka sufuria chafu.

Makofi yalikuwa makubwa, hayakuisha haraka. Mtangazaji alisema, mnaona wapenzi watazamaji, na akaitaja namba ya kutumia ujumbe.

Sindano ya mama ilisimama.

"Anamsema nani? Mimi?"

"Wewe, mama."

"Nimepasuliwa?"

"Anasema hivyo."

"Lini?"

 Mwenye nyumba alipiga hodi bila kungoja, akaingiza kichwa, akasema hongera, ametajwa kwenye televisheni, na kwamba mwezi ujao watazungumza upya habari ya kodi. Alipogundua chumba ni cha giza giza aliuliza taa iko wapi. Fundi akamwambia imehamishwa. Mwenye nyumba akasema sawa, na kwamba kodi haitashuka.

Mama alimaliza upindo, akakata uzi kwa meno, akaupitishia kidole kuuhakikisha. Ulikuwa umenyooka. Fundi alijilaza kitandani kwa dakika chache, na gauni lake, na viatu vyake, ili afikirie atakalomwambia daktari Alhamisi. Giza lilikuwa zuri, lilimfunika vizuri, mpaka akaona aibu jinsi lilivyo zuri. Usingizi ukamchukua hapo hapo, mzito, wa miezi yote aliyokosa. Mama alikaa macho kwenye kiti chake, akimsikiliza msusi.